Hela Zilizokufa Mkononi

Mhadhara kwa wakazi wa Murongo, Wilaya ya Kyerwa



Noti hii niliyoinua ni ya shilingi 20 za Uganda. Mlioketi mbele mnaiona sura ya Idi Amin upande wa kushoto. Ilikunjwa mara nne, na pale mikunjo inapokutana pana tundu lisilozidi punje ya mtama. Moshi umeigeuza ikawa rangi ya chai. Ilitoka katika mkebe wa bibi yangu mzaa mama, mkebe uliokaa darini juu ya jiko tangu 1979 hadi alipofariki mwaka 1996. Ndani yake mlikuwa na noti 43: za 10, za 20 na za 100. Bibi alizipata kwa maharage. Aliyavusha mto kwa mtumbwi, akayauza Kikagati, upande wa Uganda, akarudi na noti kiunoni, ndani ya pindo la kanga.

Mimi ni mkusanyaji wa noti za wakati wa vita. Watu huniuliza hela zisizonunua hata kiberiti zina faida gani. Swali hilo nimelibeba miaka mingi, na leo nataka kulijibu hapa hapa kwetu, maana sidhani kama kuna mahali pengi Afrika Mashariki ambapo swali hili ni la kila nyumba kama hapa. Tunakaa kwenye kona. Mto Kagera unashuka kutoka Rusumo ukielekea kaskazini, Rwanda mkono wa kushoto na sisi mkono wa kulia, kisha unapinda kuelekea mashariki na ng'ambo yake inakuwa Uganda. Mtoto wa Murongo hujifunza kutambua shilingi ya Tanzania, shilingi ya Uganda na faranga kabla hajajua kusoma vizuri. Na kila vita vilivyopiganwa kuzunguka kona hii viliacha noti katika madari yetu.

Nianze na vita ambavyo wengi wenu mnavikumbuka kwa macho. Huku kwetu mto wenyewe ndio mpaka. Kule Kyaka sivyo: mpaka unafuata mstari ulionyooka kwenye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kipande cha ardhi yetu, kilomita za mraba zipatazo 1,800, kiko ng'ambo ya mto. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia katika kipande hicho, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba sasa ni cha Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka lilivunjwa. Mnajua kilichofuata: majeshi yetu yaliteka Mutukula Januari 1979, Masaka na Mbarara mwisho wa Februari, Kampala tarehe 11 Aprili. Wanaotaka kujua gharama yake waende Kaboya, wilayani Muleba, wakasimame katikati ya makaburi ya askari wetu.

Bibi yangu alikuwa na hesabu yake pia. Alikuwa amekusanya hela za misimu miwili ya maharage akisubiri kununua mabati. Vita vilipoanza, mto ulifungwa. Vilipokwisha, serikali mpya ya Uganda ilitoa noti mpya, na zile zenye sura ya Amin zikaondolewa katika mzunguko. Habari zilimfikia kwa mdomo wa mvuvi, zikiwa zimechelewa. Alikwenda mtoni, akakuta watu wengine wenye vibunda kama chake wamekaa kwenye nyasi wakiutazama upande wa pili. Akarudi nyumbani, akazipandisha darini.

Sasa ziwekeni noti mbili pamoja, ya 1973 na ya 1979. Aliyesanifu noti mpya hakuanza upya. Nyuma ya noti ya shilingi 5 bado yupo mama anachuma kahawa. Nyuma ya noti ya 50 bado lipo bwawa la umeme. Kilichobadilika ni mbele: pale palipokuwa na sura ya mtawala pamewekwa jengo la Benki Kuu ya Uganda. Nilipoziona hizo mbili kwa mara ya kwanza zimelala ubavu kwa ubavu, nilikaa kimya muda mrefu. Mama mchuma kahawa hakuondolewa. Yeye alikuwepo chini ya Amin na aliendelea kuwepo baada yake, ameinamia mbuni ule ule. Lakini noti ya 1973, yenye mama yule yule mgongoni, ilikuwa imekufa, na za bibi pamoja nayo.

Noti ni ahadi. Karatasi yenyewe haina thamani. Thamani iko katika neno la aliyeitoa, na neno hilo linaishi kadiri mamlaka yake inavyoishi. Wamarekani wana mfano mzito. Walipopigana wenyewe kwa wenyewe kati ya 1861 na 1865, majimbo ya kusini yalijitenga yakachapa dola zao. Nyingi ziliandikwa kwamba mwenye noti atalipwa baada ya mkataba wa amani kati ya pande mbili kuridhiwa. Mkataba huo haukusainiwa kamwe. Kusini ilishindwa, na mamilioni ya noti zikabaki zikisubiri siku isiyokuja. Leo watu wanazihifadhi kwa uangalifu, zina vitabu vyake, zina wataalamu wake wanaojua kila saini. Nilipoanza kusoma habari hizo nilijiuliza: noti zao zimesubiri, na za bibi yangu zimesubiri, mbona zao zimeandikiwa vitabu?

Si kwamba sisi hatuna historia ya noti. Tunayo ndefu, na imeingia hadi katika ndimi zetu. Tunaposema hela tunaitaja heller, sarafu ya Wajerumani iliyoletwa hapa mwaka 1904, 100 kwa rupia 1. Mhaya anaposema empiya, ni rupia hiyo hiyo inayozungumza. Na Vita Vikuu vya Kwanza vilipoikata koloni yao ya huku isipate meli kutoka Ulaya, Wajerumani walianza kuchapa noti zao za dharura Dar es Salaam mwaka 1915, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Walipokimbizwa kuelekea kusini walichapa nyingine porini mwaka 1917, kwa mihuri ya mpira. Wakusanyaji wa Ujerumani wanaziita noti za porini, na kwao zina heshima. Ukiishika moja unaona haraka iliyomo: herufi zimeyumba, wino umefifia pembeni. Ni serikali inayoishiwa pumzi, nawe unaisikia.

Lakini turudi kwenye kona yetu. Noti zinazoniumiza zaidi ni za 1994.

Mwisho wa Aprili mwaka huo watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya muda wa saa 24. Wengine waliingia Karagwe, kambi zikaota katika vilima vyetu. Nilikuwa na miaka 20. Murongo inajua mto ulibeba nini miezi ile. Watoto wapo hapa, sitalisema, na waliokuwepo hawahitaji kuambiwa. Julai serikali ya Rwanda iliyokuwa imeshindwa vitani ilikimbilia Zaire, ikachukua na shehena ya noti kutoka Benki Kuu ya Rwanda. Serikali mpya ya Kigali ikajikuta inatawala nchi ambayo hela zake ziko mikononi mwa adui. Ikachapa noti mpya za 500, 1,000 na 5,000, zenye tarehe ya 1 Desemba 1994, na za zamani za thamani hizo zikafutwa.

Kama hatua ya serikali, naielewa. Lakini fikirini mkimbizi aliyekaa chini ya turubai Karagwe, ana faranga alizouzia ng'ombe wake kabla ya yote kuanza. Nilimwona mzee mmoja sokoni akitoa bulungutu zima la noti za 1,000 ili apewe mkungu mmoja wa ndizi. Mwenye ndizi alikataa. Mzee hakubishana. Alizirudisha noti mfukoni moja moja, akizinyoosha, kama mtu anayezihesabu kwa ajili ya kesho. Miaka miwili baadaye, Desemba 1996, wakimbizi wa Rwanda walitakiwa warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, kambi zikabaki majivu na vigingi. Katika majivu hayo vijana wa vijiji vya jirani waliokota noti.

Hapo ndipo ukusanyaji unapokuwa mgumu, na sitaki kuupita juu juu. Noti ya 1994 haisemi ilikuwa ya nani. Inaweza kuwa ya mzee yule wa ndizi. Inaweza kuwa ya mtu aliyeua jirani yake akampekua mifukoni. Karatasi ni ile ile, namba zinafuatana. Kwa hiyo mimi sina hata noti moja ya Rwanda ya miaka ile ambayo niliipata bila maneno. Anayeniletea, namwomba aniambie ilikookotwa, lini, na nani alikuwepo. Asipojua, namwomba akae nayo. Wenzangu wa mbali wameniambia kwamba najinyima vitu adimu. Inawezekana. Lakini noti isiyo na maneno kutoka mwaka ule naogopa kuilaza nyumbani mwangu.

Zaire nayo imetupa somo ambalo kila mwanafunzi wa uchumi angepaswa kulijua. Mwishoni mwa 1992 serikali ya Mobutu ilichapa noti ya zaire 5,000,000. Waziri Mkuu, Étienne Tshisekedi, alisema si halali, akawataka watu wasiipokee. Mobutu akawalipa askari mishahara kwa noti hizo Januari 1993. Askari walikwenda madukani, wenye maduka wakazikataa, na Kinshasa ikawaka moto. Mamia walikufa, balozi wa Ufaransa akiwa mmoja wao. Oktoba mwaka huo ikaletwa zaire mpya, 1 kwa milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai, alikotoka Tshisekedi, wakasema hapana. Waliendelea na noti zao zilizochakaa, zilizofutwa na mji mkuu, na kwa miaka kadhaa noti hizo zikanunua mihogo na almasi kama kawaida, zikiwa imara kuliko mpya. Hivyo hela iliyouawa na serikali iliendelea kuishi kwa sababu wanunuzi na wauzaji walikubaliana iishi. Wasomali nao, serikali yao ilipoanguka Januari 1991 na Benki Kuu ikaanguka nayo, waliendelea kutumia shilingi ile ile isiyo na mwenyewe.

Bibi yangu angeweza kufanya hivyo? Hakuweza, kwa sababu hela yake ilikuwa ya upande wa pili. Mtu wa mpakani anashika ahadi ya serikali isiyomjua. Vita vikija, yeye hayumo katika hesabu ya wale wanaopewa siku za kubadilisha.

Majirani zetu wa Uganda walionja tena. Noti kubwa kuliko zote mwaka 1966, benki yao ilipofunguliwa chini ya gavana Joseph Mubiru, ambaye baadaye aliuawa wakati wa Amin, ilikuwa ya shilingi 100. Baada ya shambulio la Kabamba la Februari 1981 kuanzisha vita vya msituni, bei zilipanda hadi ikabidi kuchapwa noti ya 500, ya 1,000, na mwaka 1985 ya 5,000. Unaweza kuzipanga mezani bila neno lolote na ukaiona nchi inavyovuja damu. Baadhi ya noti za wakati wa Rais Obote zina sura yake. Alipopinduliwa Julai 1985, sura ikaondoka, ikabaki nembo ya taifa. Mei 1987 serikali mpya ilikata sifuri mbili, 100 za zamani kwa 1 mpya, na juu yake ikatoza asilimia 30 ya hela zilizobadilishwa. Ndugu zetu wa Kikagati mliopanga foleni mwaka ule, hadithi zenu nazihitaji kuliko noti zenyewe.

Niseme sasa juu ya matapeli, kwa sababu wamekwisha kufika. Wapo wanaopita vijijini wakisema rupia ya Mjerumani ina nguvu za ajabu, au kwamba noti ya Amin inanunuliwa Ulaya kwa mamilioni, toa kwanza hela ya kuipima. Msiwape. Noti za Amin zilichapwa kwa wingi, nyingi zimebaki, na mkusanyaji wa ng'ambo huinunua moja safi kwa bei ya chakula cha mchana. Iliyochakaa haitaki kabisa. Yeye anatafuta noti mbichi, isiyokunjwa hata mara moja, kama ilivyotoka kiwandani. Vitabu vyao vya bei vimepangwa hivyo: mkunjo mmoja, bei inashuka, doa, inashuka tena.

Na hapa lazima niungame kosa langu.

Bibi alipofariki, mimi ndiye niliyepewa mkebe. Nilikuwa na miaka 22 na nilikuwa nimeazima kitabu kimoja cha wakusanyaji, nikakisoma mara nyingi. Nilifungua mkebe nikakuta vibunda vidogo vidogo, kila kimoja kimefungwa kwa kamba ya mgomba, na kila kamba ina mafundo. Nilizikata kamba kwa wembe, nikazitupa motoni. Nikaziosha noti 12 kwa sabuni ya unga, nikazipiga pasi ya mkaa. Wino ulipauka, karatasi ikalainika kama kitambaa, mbili zikachanika nikaziunga kwa selotepu. Selotepu hiyo imeacha hadi leo mstari wa kahawia unaokula karatasi. Nilijiona nimeokoa mali.

Miaka mitatu baadaye mama mdogo alikuja kunitembelea, akauliza kamba ziko wapi. Nikamwambia. Alishika kichwa. Ndipo aliponieleza kwamba si hela zote zilikuwa za bibi. Alikuwa anawauzia majirani maharage yao pia, kwa sababu alikuwa na mtumbwi na ujasiri, na kwa kuwa hakujua kuandika, alimtambulisha kila mwenye hela kwa mafundo. Fundo moja nyumba hii, mawili nyumba ile, fundo kubwa na dogo mjane wa mlimani. Hakuzitupa noti zilipokufa kwa sababu hazikuwa zake kuzitupa. Alikuwa akingoja siku ambayo angeweza kuwarudishia wenyewe, au kuwaonyesha kwamba hakuzila.

Nilichoma daftari la bibi yangu, nikabaki na karatasi.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ya kukusanya. Noti chafu siisafishi. Mikunjo siinyooshi, maana mikunjo minne ni pindo la kanga, na mikunjo miwili ni mfuko wa shati, na noti iliyoviringishwa kama sigara ilifichwa kwenye mwanzi wa paa. Harufu ya moshi naiacha. Noti naitia katika bahasha ya karatasi nyeupe isiyo na gundi ndani, pamoja na maneno ya aliyenipa, yameandikwa kwa penseli kama alivyoyasema, Kinyambo kikiwa Kinyambo. Msizitie katika zile plastiki laini zinazonuka. Zinatoa mvuke unaoharibu wino. Msipeleke dukani zikabandikwe plastiki kwa moto, kwa kuwa hilo halitoki tena. Ziwekeni mbali na jua na unyevu, juu ya kabati, si sakafuni penye mchwa, na mvua zetu hizi mzifungue mara kwa mara zipate hewa. Hiyo ndiyo kazi yote. Haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Mwalimu wa historia na kabati lenye kufuli wanatosha kuanza, na ningependa kabati hilo liwe hapa hapa, mto ukionekana dirishani, si katika mji ambako mikunjo hii haitamwambia mtu kitu.

Waliokuwa watu wazima mwaka 1979 sasa ni wazee sana. Kila msimu wa kahawa tunazika wengine. Wanaporudi nyumbani kutoka mazishini, wajukuu hufungua mikebe kama nilivyofungua mimi, na pengine wana wembe mkononi.

Nimalizie na kitu ambacho sijawahi kukionyesha hadharani. Siku ile ya wembe, kibunda kimoja kilikuwa kimeteleza kwenye mpasuko wa chini ya mkebe, sikukiona. Nilikigundua baada ya mama mdogo kuondoka. Hiki hapa. Noti 7, kwa ninavyozihesabu pembeni, maana sijakifungua. Kamba yake ya mgomba imekauka kama mfupa, na ina mafundo matatu: mawili yamekaribiana, la tatu liko mbali kidogo. Mama mdogo hakumbuki yalikuwa ya nani. Nimeuliza Kaisho, nimeuliza Isingiro, sijampata ajuaye.

Nitakaa pale kwenye benchi la mlangoni mpaka jua lizame, nimekiweka juu ya meza. Wazee wangu, piteni mkitazame. Msiiguse kamba, inavunjika. Yatazameni tu mafundo, kisha mniambie ilikuwa nyumba gani.